Ushauri: Kulungu wananinusa kabla sijavuta upinde, nifanyeje?

Mvita_Erie:
Wakuu, salaam. Mimi ni mtu wa Mombasa, naishi Erie, Pennsylvania, na familia. Nimemaliza kozi ya lazima ya wawindaji wapya, nimekata leseni, nawinda kwa upinde kwenye ardhi ya umma. Nataka nyama ya kujaza friza kabla ya baridi.

Dungu nimelifunga mtini, ubavuni mwa kilima, juu ya njia iliyojaa nyayo. Kulungu wa huku, wale wa mkia mweupe, wanakuja vizuri tu. Halafu jike la mbele linasimama, linainua pua, linapiga mguu chini, linapuliza pua kwa kishindo, na kundi zima linatimka mikia juu. Hawanioni, maana hata hawatazami kwangu. Ni harufu.

Nyumbani mke wangu hufukiza udi, na jikoni bizari na kitunguu saumu haviishi. Hilo sitaki kulibadilisha. Madukani naona suti za kaboni, dawa za kupuliza, mashine za gesi ya ozoni, vyote vinadaiwa kuua harufu ya mtu, na vyote ghali. Nianze na kipi? Kilima kina kijito chini yake, na mimi huenda jioni nikitoka kazini.

Fundi_Upinde:
Usinunue kitu bado, kaka. Hao kulungu wanatokea wapi, juu au kijitoni?

Mvita_Erie:
Kijitoni. Wanalala kwenye vichaka vya chini, jioni wanapanda.

Fundi_Upinde:
Basi unawapelekea harufu mwenyewe. Jua likipasha ardhi, hewa hupanda mlima. Jua likizama hewa hupoa, inakuwa nzito, inateremka bondeni kama maji. Wewe uko juu, wao wako chini, tena jioni. Hata uoge mara ngapi, pumzi yako tu inawafikia.

Dungu hilo liache la asubuhi, jua likishawaka vizuri. Alfajiri hewa bado inashuka, kwa hiyo usilitegemee mapema mno. Kwa jioni, tafuta mti chini karibu na kijito, upande maji yanakoelekea ukilinganisha na njia yao. Hewa baridi hufuata bonde, itachukua harufu yako na kuondoka nayo. Na uingie kwa kutokea huko huko, usikate njia yao kwa miguu.

Halafu kuna upepo wenyewe. Huku baridi mpya ikiingia, mara nyingi upepo hugeuka kuwa wa kaskazini-magharibi. Tazama utabiri kabla ya kutoka, na siku upepo ukielekea vichakani wanakolala, nenda kwingine. Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa kuwa siku za mapumziko ni chache na mtu anaona uchungu kuacha sehemu yake nzuri.

Majivu_Mkononi:
Naunga mkono. Nilifanya kazi kwenye kitalu cha uwindaji wa kitalii nyumbani Tanzania. Wafuatiliaji wa nyayo walikuwa na kifuko cha majivu laini, wanakitikisa kila mara na kutazama yanakoelekea. Utabiri wa simu haujui upepo wa kwenye korongo lako. Chukua majivu, au poda isiyo na manukato kwenye kichupa. Mbegu za milkweed, mmea wa porini wa huku, zenye sufi ni bora zaidi: unaachia moja ukiwa mtini, unaifuata kwa macho hadi mbali, na unaona inapogeuka.

MamaJuma_Lancaster:
Shemeji, udi waachie nyumba, ila nguo za porini zisiingie ndani kabisa. Zifue kwa sabuni isiyo na manukato, zianike nje, zifungie kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko, nje ya nyumba. Vaa ukifika msituni, si garini. Buti ziwe za mpira, na usizivae ukiwa unajaza petroli. Tembea taratibu, koti likiwa begani, ulivae chini ya mti, kwa sababu jasho ndilo linaloharibu yote.

Suti ya kaboni, hifadhi pesa zako. Utafiti wa John Shivik uliochapishwa 2002 ulitumia mbwa wa kutafuta watu, na suti hizo hazikuwazuia. Na ozoni ina madhara kwa mapafu, EPA wenyewe, shirika la mazingira la Marekani, wanaonya. Una watoto ndani, usiilete.

Kivu_Hunter:
Mimi napitisha nguo kwenye moshi wa kuni na imenisaidia. Mkojo wa kulungu wa kwenye chupa, ule wa kuwavutia, je?

Fundi_Upinde:
Moshi sina ugomvi nao, hasa sehemu ambazo watu huwasha kuni majumbani, kulungu wameuzoea. Lakini harufu yako bado ipo ndani yake, anaipata. Mkojo kuwa makini: Pennsylvania imeupiga marufuku kwenye maeneo yenye ugonjwa wa CWD unaoua kulungu, na Virginia iliukataza tangu 2015. Angalia kwanza ramani ya Game Commission, idara ya wanyamapori ya jimbo.

Mvita_Erie:
Nimewaelewa. Nahamisha dungu wiki hii, na kijiti cha udi kitabaki sebuleni. Swali moja: nihame mchana au usiku?

Fundi_Upinde:
Mchana, mvua ikiwa inakaribia, ili ikaoshe nyayo zako. Na vaa mkanda wa usalama tangu mguu ukiacha ardhi.