Skrini zinatumaliza: senta abaki chini, wabadilishane watu au wambane wawili?

Kocha_wa_Zege
Wakuu, habari za muda huu. Nina vijana wa sekondari wa mpira wa kikapu, tunachezea uwanja wa nje. Tunafungwa kwa kitu kilekile: pointi gadi wa wapinzani, yule anayeongoza mpira, anawekewa skrini pale juu (mwenzake anasimama njiani kumzuia mlinzi), mtu wangu ananasa, jamaa anaingia kama mlango uko wazi. Senta wangu, mlinzi wa chini ya kikapu, ni mrefu, ribaundi anazibeba zote, ila miguu mizito. Nisaidieni kuchagua.

Mzee wa Ribaundi
Kwa miguu hiyo abaki chini, karibu na kikapu, wala usijisumbue. Brook Lopez alipokuwa Milwaukee hakuwa na kasi, na alilinda hivyo mechi nyingi msimu wa timu hiyo kuchukua ubingwa wa NBA, ligi ya Marekani, 2021. Tena sisi tunacheza kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ambako kanuni ya kutokaa sekunde tatu chini ya kikapu ni ya mshambuliaji tu. Senta wako akitaka kushinda pale chini ya kikapu mchana kutwa, ruksa. Kule NBA angepigiwa filimbi kama hamlindi mtu aliye karibu naye.

Kazi kubwa ni ya gadi wako. Apite juu ya skrini, yaani kati ya aliyeiweka na mwenye mpira: mguu wa kwanza utangulie mbele ya mguu wa aliyeweka skrini, bega lielekee mbele, ajikunje awe mwembamba. Akigusana naye kifua kwa kifua kashanaswa. Akitoka, amfukuze mwenye mpira kwa nyuma, asimwache arushe kwa raha. Hapo utakuwa umewaachia mitupo ya katikati, si karibu na kikapu wala si pointi tatu. Mimi nawapa hiyo kila siku.

Dada_wa_Kona
Shikamoo Mzee. Mimi na mabinti zangu tunabadilishana watu wa kulinda kila skrini, kwa sababu wote urefu wao unakaribiana. Haina hesabu nyingi, na mwenye mpira hapati upenyo. Ila Kocha, kwa senta wako usithubutu. Wapinzani watamvuta nje makusudi abaki na gadi mwepesi. Fainali ya NBA 2016, mechi ya saba, matokeo yakiwa 89–89, Cleveland waliweka skrini mpaka Curry wa Golden State akabaki peke yake na Kyrie Irving wao. Kyrie akamfunga pointi tatu, na Cleveland wakachukua ubingwa. Na hao Golden State ndio waliosifiwa dunia nzima kwa kubadilishana!

Chipukizi
Kwani gadi asipite chini ya skrini tu, upande wa kikapu? Nje kuna upepo, mita 6.75 za mstari wa pointi tatu nani anafunga?

Mzee wa Ribaundi
Marahaba Dada. Chipukizi, una hoja. Kama mwenye mpira hana mkono wa kufunga kwa mbali, gadi apite chini bila huruma. Ila timu janja hurudia skrini hatua mbili karibu zaidi na kikapu, na hapo hata asiye na mkono anafunga.

Presha Muda Wote
Mnasahau kumbana mwenye mpira wawili. Miami ya LeBron na Wade kule NBA iliwatesa watu hivyo. Gadi wa shule akiona mikono minne mbele yake, anatupa pasi ya juu juu.

Dada_wa_Kona
Na Miami walikuwa na watu wa kukimbia nyuma. Pasi ikimfikia aliyeweka skrini pale mstari wa mitupo huru, ni wanne kwa watatu. Afadhali uifanye mara mojamoja, baada ya muda wa mapumziko, na karibu na mstari wa kati ambako mpira hauwezi kurudi nyuma.

Kocha_wa_Zege
Nimewaelewa. Senta atabaki chini, na kule kumbana wawili tutakutumia dakika za mwisho. Sasa, nani anapaswa kupiga kelele skrini inapokuja? Wangu wote mabubu.

Mzee wa Ribaundi
Senta. Yeye ndiye anayemlinda mtu anayekwenda kuweka skrini, kwa hiyo anaiona kabla ya gadi. Aite mapema, kabla hawajagusana: "Skrini kulia!" Na kulia iwe ya gadi anayenaswa. Senta anaweza kuwa amegeukia upande mwingine, na hapo kulia kwake si kulia kwa mwenzake. Mkiacha hilo bila kukubaliana, gadi atageuka moja kwa moja akaivamie skrini yenyewe.

Chipukizi
😂😂 Kwetu hiyo ni kila mechi.