Kwa nini tunakula hata tukiwa tumeshiba?

Mkaazi_wa_Tanga:
Ndugu zangu, katika harusi za huku kwetu mtu hula pilau mpaka akalegeza mkanda, kisha ikipitishwa halua hula tena kana kwamba ndiyo kwanza anaketi. Nyumbani nako, ikifika saa saba mchana tunakaa mkekani hata kama chai ya saa nne ilikuwa na mihogo ya kutosha. Ikiwa njaa haipo, ni nini hasa kinachotufanya tule?

Mwanalishe:
Kuhusu halua, Barbara Rolls na wenzake walionyesha mwaka 1981 kwamba hamu hupungua zaidi kwa chakula kilekile ulichokila kuliko kwa kingine ambacho hujakigusa, ndiyo maana aliyeikinai pilau hajaikinai halua. Kuhusu saa saba, tumbo hutoa homoni iitwayo grelini, iliyogunduliwa Japani mwaka 1999, nayo hupanda zinapokaribia saa ulizozoea kula. Kwa hiyo njaa ile unaisikia kweli, ingawa imeletwa na mazoea. Linalonishangaza zaidi ni kumbukumbu. Katika utafiti wa Paul Rozin na wenzake wa mwaka 1998, wagonjwa wawili wasioweza kukumbuka mambo mapya walikula chakula cha mchana, na walipoletewa kingine baada ya dakika 10 hadi 30, wakakila nacho. Inaelekea kushiba si kazi ya tumbo peke yake.

Shangazi_Pangani:
Mwanangu, hayo nayakubali, lakini umeiruka heshima. Watu wanne wakila sinia moja, anayenawa mapema huwakatisha wenzake, hivyo aliyeshiba huendelea kudonoa taratibu ili mwenye njaa asione haya. Na mgeni aliyekaribishwa chakula ni vigumu aondoke bila kuonja japo tonge moja, maana mwenyeji atajiuliza chakula chake kina kasoro gani.

Msomaji_Kimya:
Shangazi, kwa heshima zote, hapo ndipo wenye kisukari wanapoumia. Wapo wanaoumaliza wali wote waliopakuliwa kwa sababu tu ya kuona haya, ilhali mwenyeji angeijua hali yao angewaongezea samaki na mchicha bila kinyongo.

Shangazi_Pangani:
Basi aseme mapema, sufuria haijainjikwa. Akisubiri mpaka wali umeshapakuliwa, hata maelezo ya daktari yataonekana kisingizio.