Msaada wa haraka: nimekamatwa nimekunywa kwenye gari langu binafsi, je CDL yangu (leseni ya kuendesha malori makubwa) iko salama?

Dereva_wa_Houston
Wakuu, salaam. Naandika nikiwa sina raha hata kidogo. Mimi ni dereva wa lori hapa Houston, Texas, huu ni mwaka wa 6, navuta treila hadi Georgia na kurudi. CDL yangu haikuwa na doa.

Jumamosi ya wiki ya juzi tulikuwa na kipaimara cha mtoto wa dada. Nilikunywa bia, idadi sikuhesabu, ila nilikula vizuri na nilijiona mzima. Saa saba usiku narudi na Corolla yangu, taa moja ya nyuma imeungua. Askari akanisimamisha, akanusa, akanishusha. Akanitembeza kwenye mstari, mguu ukatoka nje mara mbili. Kituoni nikapuliza kipimo, kiwango cha pombe kikatoka 0.09. Wamechukua leseni, wakanipa karatasi. Nimeikunja nikaiweka ndani ya Biblia ya mke wangu, hata sijaisoma vizuri.

Dereva mwenzangu ananiambia kikomo cha 0.04 ni ukiwa kwenye lori tu, kwenye gari lako wewe ni raia kama wengine, hivyo nilipe faini nikae kimya, kazini wasijue. Nina watoto 3, na mama Tabora ananitegemea. Ni kweli anachosema? Leo ni siku ya 9.

MamaTunu
Pole sana, mdogo wangu. Mshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Sasa toa hiyo karatasi kwenye Biblia uisome kabla hujamaliza kusoma hapa.

Mimi si wakili, nafanya kazi ofisi ya mawakili wa kesi kama hizi. Hiyo karatasi ni taarifa kwamba leseni yako itasimamishwa, na wakati huohuo ndiyo kibali chako cha muda cha kuendesha. Usimamishaji unaanza siku ya 40. Lakini una siku 15 tu tangu ulipopewa kuomba shauri lako lisikilizwe. Ukiomba ndani ya muda, usimamishaji unangoja shauri liishe. Ukinyamaza, unaanza wenyewe. Zimebaki siku 6. Hiyo ndiyo kazi ya leo, mengine yatafuata.

Kuhusu rafiki yako, kasema nusu. Kwenye gari binafsi Texas kikomo chako ni 0.08 kama cha mtu yeyote, na 0.04 ni cha kwenye lori. Ila adhabu haiangalii ulikuwa unaendesha nini. Sheria ya shirikisho, yaani ya Marekani nzima, inasema mwenye CDL akitiwa hatiani kwa kuendesha amelewa, hata kwenye Corolla, anafungiwa CDL mwaka 1. Mara ya pili ni maisha. Na hapa Texas, hata kesi ya mahakamani ikifutwa, kile kipimo cha 0.08 au zaidi peke yake kinaweza kukufungia CDL mwaka mzima kwa njia ya utawala, bila hukumu ya mahakama. Ndiyo maana nakusukuma kwenye hizo siku 15.

Mzee_wa_I10
Kijana, mimi nilipita hapo. Yangu ilikuwa pikapu, nikapuliza 0.10. Nilimsikiliza mtu kama huyo rafiki yako, siku 15 zikapita nikiwa barabarani. Mwaka mzima nilipanga maboksi ghalani usiku, mshahara nusu. Kibali cha kuendea kazini nilipewa, lakini ni cha gari dogo. Kwa lori hakuna kibali cha huruma, hawaruhusiwi kukitoa. Na leseni iliporudi, kampuni tatu zilinikataa kwa sababu bima zao hazikunitaka.

Kisu_Kikali
Kosa lako ulipuliza. Siku nyingine kataa tu, hawana ushahidi.

MamaTunu
@Kisu_Kikali tafadhali usimpe mtu ushauri huo. Kukataa kipimo Texas ni siku 180 za leseni kusimamishwa badala ya 90 za aliyepuliza akazidi kikomo, na kwa mwenye CDL kukataa kunahesabiwa sawa na kulewa: mwaka 1 nje, hata kama alikuwa kwenye gari lake. Zaidi ya hapo wanaweza kuomba hati ya jaji wakakutoa damu.

Dereva_wa_Houston
Mikono inatetemeka. Nimeisoma, ni kweli imeandikwa siku 15. Dada, kuna wakili ananiambia bei nafuu, nikubali kosa, niingie kwenye mpango wa uangalizi, nikimaliza kesi inafutika. Na bosi nimwambie lini?

MamaTunu
Muulize huyo wakili kama anajua una CDL. Texas ilifungua mpango huo kwa kosa la kwanza la ulevi mwaka 2019, lakini mwenye CDL ametolewa. Na sheria ya shirikisho inakataza majimbo kuficha makosa ya barabarani ya wenye CDL kwa mipango ya namna hiyo. Tafuta wakili anayezijua CDL. Kama bado hujawa raia, ongea pia na wakili wa uhamiaji *kabla* ya kukubali chochote.

Bosi: ukitiwa hatiani, siku 30 kumjulisha kwa maandishi. Leseni ikisimamishwa, unamwambia kabla ya mwisho wa siku ya kazi inayofuata baada ya kupata taarifa. Na soma mkataba wako, kampuni nyingi zinataka kuambiwa hata kukamatwa tu.

Msukuma_Treila
Niongeze kwa wanaosoma kimya. Kuna wanaokunywa Jumapili usiku wakaingia kwenye lori Jumatatu alfajiri. Mwili unapunguza kama 0.015 kwa saa. Ukilala saa sita usiku una 0.12, saa kumi na mbili asubuhi bado una 0.03 hivi. Kahawa haisaidii. Ukipimwa kazini ukakutwa na 0.02, unasimamishwa saa 24. Kuwa umeacha kunywa saa 4 kabla ya kazi hakukuokoi.

Dereva_wa_Houston
Wakuu, ni siku ya 11. Nimepata wakili anayeshughulikia madereva, ombi la kusikilizwa limetumwa jana, nina uthibitisho wake. Leo nimemwambia bosi. Alinyamaza muda mrefu, akaniuliza kama ombi limetumwa, akasema nilete nakala Jumatatu. Mama Tabora bado sijampigia. Nitampigia Jumapili akitoka kanisani. Nikipewa tarehe ya shauri nitarudi kuwaambia.