Sungura wawili, nahamia ghorofani: Marangu, jirani, au nihame nao?

Njiro_Kati: Wadau, naombeni ushauri. Mwisho wa mwezi nahamia ghorofa ya pili, hakuna ua. Nina dume na jike wa miaka miwili, banda moja, dume hajahasiwa. Shangazi wa Marangu yuko tayari kuwachukua. Jirani naye anawataka kwa ajili ya watoto wake wadogo.

Tengeru_Mifugo: Ghorofa peke yake si sababu ya kuwatoa. Mita 2 kwa 3 za sakafu zinawatosha. Kinachoshinda watu ni nyasi, maana ndizo chakula chao kikuu. Mjini utanunua marobota ya hei, yaani nyasi zilizokaushwa, badala ya kukata. Halafu angalia roshani inaelekea wapi. Jua la alasiri la Januari likiipiga na joto likapita nyuzi 30, sungura anaweza kufa siku hiyohiyo, kwani hatoki jasho.

Mama_Kihamba: Marangu nyasi zipo tele, na baridi wanaivumilia wakiwa pakavu. Adui ni siafu. Banda liinuliwe, kila mguu ukae kwenye kopo lenye oili chafu, na majani yanayogusa banda yafyekwe: siafu hupandia hata unyasi mmoja. Shangazi asiwakatie majani ya mparachichi, ni sumu. Na muulize wazi kama anafuga au anataka kitoweo.

Dokta_Zizi: Ngojeni kwanza, huenda anagawa zaidi ya wawili! Mimba ni siku 31 hivi, na jike anaweza kupandwa tena siku ileile anapozaa. Mhasi dume. Mganga wa mifugo akikwambia umnyime chakula usiku kucha kabla ya upasuaji, tafuta mwingine: sungura hatapiki, na utumbo wake ukikosa chakula husimama. Kisha mtenge wiki 4 hadi 6, mbegu bado zimo. Weka wavu katikati waendelee kunusana, la sivyo ukiwarudisha watapigana.

Njiro_Kati: Asante Dokta. Na jirani je?

Tengeru_Mifugo: Mtoto mdogo atataka kumbeba, na sungura akirusha mateke hewani huvunjika uti wa mgongo. Kama mama mtu ndiye atakayelisha, sawa. Ila usiwatenganishe, mmoja kwa jirani na mwingine kwa shangazi.

Mama_Kihamba: Wakienda Marangu, wasafirishe alfajiri, pamoja na gunia la nyasi walizozoea. Changanya na za kule siku 7 hadi 10. Sungura akipitisha nusu siku bila kula wala kutoa kinyesi, mganga aitwe papo hapo.