MREJESHO: Cayman au M2 ya kwenda kazini na Nürburgring

Wakuu, mimi ndiye niliyeuliza, nikiwa hapa Cologne, kati ya Porsche Cayman na BMW M2 ninunue ipi ya kwendea kazini kila siku na kuipeleka Nürburgring, uwanja wa mbio za magari, mara mojamoja. Asanteni sana.

Nimechukua M2 Competition ya 2019, gia za mkono. Cayman niliipenda zaidi, sifichi, ila yule aliyeuliza "mtoto utamkalisha wapi?" alimaliza mjadala. Ile ina viti viwili tu.

Aliyenishauri matairi naye nilimsikiliza: nimefunga Michelin Pilot Sport 4S, Cup 2, ya mbio kwenye lami kavu, nimeachana nayo. Mvua za huku hazina ratiba.

Nilipochemsha ni kwenye breki. Mlisema nibadilishe mafuta ya breki na pedi kwanza, nikabana hela. Nordschleife, ile njia ndefu ya Nürburgring, ni karibu kilomita 21 kwa mzunguko. Mzunguko wa tatu, nateremka kuelekea sehemu iitwayo Breidscheid, pedali ikalainika ikazama. Mafuta yalikuwa yamechemka! Nikapunguza mwendo kwa gia, nikajikokota mpaka nje.

Sasa nina mafuta ya breki ya DOT 4 ya kuhimili joto kali na pedi za mbio. Zinashika vizuri, ila asubuhi zikiwa za baridi zinalia kama fisi, na mama watoto amegoma kupanda.