Kucheza Ligi ya Mabingwa Ulaya kila msimu: kukopa, kuwa na tajiri, au kukuza na kuuza?

Mkaguzi wa Tanga ameandika:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Katika mjadala wetu wa usajili ilijirudia hoja kwamba klabu isiyo na fedha nyingi haina la kufanya katika Ligi ya Mabingwa Ulaya. Mimi naiona hoja hiyo kuwa ni nusu ya ukweli, na ningependa tulinganishe njia ambazo klabu za kiwango cha kati zimewahi kupita ili kufika huko na, lililo gumu zaidi, kubaki huko. Nawaacha kando Real Madrid na Bayern München, kwa sababu klabu ambayo hata msimu wake mbaya huifikisha kwenye mashindano haina tatizo tunalolizungumza.

Tuanze na fedha zenyewe. Tangu msimu wa 2024/25, kila klabu kati ya 36 zinazoingia hatua ya ligi hupewa Euro milioni 18.62 kabla haijagusa mpira. Kila ushindi huongeza milioni 2.1, na kila sare 700,000. Klabu iliyoshinda mechi tatu, ikatoka sare mbili na kupoteza tatu, huwa imekwisha kukusanya zaidi ya milioni 26, bila kuhesabu malipo ya nafasi iliyomaliza wala lile fungu linalotegemea soko la televisheni na rekodi ya miaka ya nyuma. Kufika 16 bora ni milioni 11 nyingine, robo fainali milioni 12.5, nusu fainali milioni 15. Sasa linganisheni na Ligi ya Europa, mashindano ya ngazi ya pili Ulaya, ambako malipo ya kuingia ni milioni 4.31 tu. Katika ligi ya nyumbani, anayefuzu na anayekosa huweza kuachana kwa pointi moja, lakini kwenye daftari la mhasibu pointi hiyo ni korongo.

Shida ni kwamba mishahara ya wachezaji hufungwa kwa mikataba ya miaka minne au mitano, ilhali mapato haya huja msimu kwa msimu na hayana ahadi. Kwa hiyo napendekeza tusipime kwa kuangalia nani alifika mbali. Tupime hivi: msimu klabu ikikosa kufuzu, pengo hilo linazibwa na nani?

Bi Mizania ameandika:

Ahsante, kaka Mkaguzi. Mimi nitaleta njia ya mkopo, kwa kuwa ndiyo niijuayo kikazi.

Kwa miaka kumi na moja nimepitia maombi ya mikopo katika chama cha akiba na mikopo cha wakulima wa kahawa. Kuna ombi moja sitalisahau. Mkulima alitaka kujenga nyumba kwa dhamana ya mavuno ya misimu mitatu ijayo, na kwenye fomu aliandika kilo zilezile za msimu wa neema mara tatu, mstari juu ya mstari, kwa kalamu ya bluu. Kamati ilimpa nusu ya alichoomba. Msimu uliofuata ugonjwa wa chule buni ukashambulia shamba, na ile nusu ndiyo iliyomwokoa.

Leeds United walipewa chote. Waliandaa mkopo wa pauni milioni 60 wa muda wa miaka 25, dhamana ikiwa ni viingilio vya mlangoni vya miaka ijayo. Novemba 2000 walimnunua Rio Ferdinand kutoka West Ham kwa pauni milioni 18, na msimu huohuo wakafika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, wakatolewa na Valencia. Katika ligi ya nyumbani walimaliza nafasi ya nne, wakati ambapo Uingereza ilikuwa na nafasi tatu tu. Liverpool waliofuzu walikuwa na pointi 69. Leeds walikuwa na 68. Hiyo ndiyo pointi moja uliyoitaja.

Walijibu kwa kuendelea kununua, na msimu uliofuata wakakosa tena. Ferdinand akauzwa kwa Manchester United mwaka 2002 kwa takriban pauni milioni 30, wengine wakafuata, na Mei 2004 klabu ikashuka daraja. Mwaka huohuo uwanja wa Elland Road ukauzwa, na timu ikabaki kuwa mpangaji nyumbani kwake hadi 2017. Kufikia 2007 walikuwa daraja la tatu. Magazeti ya Uingereza yalishikilia sana habari ya samaki wa mapambo waliokodishwa kwa ajili ya ofisi ya klabu, lakini samaki hawakuiangusha Leeds. Kilichoiangusha ni kuandika kilo za msimu wa neema kwenye kila mstari.

Hata hivyo nisieleweke kwamba nalaani kila mkopo. Tottenham walikopa zaidi ya pauni milioni 600 kwa ajili ya uwanja uliofunguliwa Aprili 2019, na katika madirisha mawili ya usajili ya msimu huo, la kiangazi 2018 na la Januari 2019, hawakusajili mchezaji hata mmoja. Msimu huohuo wakafika fainali. Uwanja hauvunjiki goti, hauombi nyongeza ya mshahara, na hujaza viti hata Alhamisi ya Ligi ya Europa.

Kiungo Mkabaji ameandika:

Dada Mizania ameeleza vizuri, ila mfano wangu una mafunzo zaidi, kwa kuwa ni klabu moja iliyopita njia zote mbili. Borussia Dortmund walikuwa mabingwa wa Ulaya mwaka 1997, walipoifunga Juventus mabao 3-1. Oktoba 2000 wakaingia soko la hisa, klabu ya kwanza ya Ujerumani kufanya hivyo, kwa Euro 11 kwa hisa. Fedha zikaenda kwenye usajili na mishahara. Matokeo uwanjani yalipoyumba, waliuza uwanja wao kwa mfuko wa wawekezaji na kuanza kulipa kodi ya pango. Hali ilifika pabaya kiasi kwamba Bayern, mahasimu wao, waliwakopesha Euro milioni 2. Tarehe 14 Machi 2005, wawekezaji wa mfuko ule walikutana katika ukumbi wa uwanja wa ndege wa Düsseldorf kupiga kura ya ama kukubali mpango wa kuiokoa klabu au kuiacha ifilisike. Hatima ya mabingwa wa zamani wa Ulaya iliamuliwa na watu ambao wengi wao walitaka tu kodi yao ya pango.

Wakakubali. Kuanzia hapo Dortmund walibadilisha mpangilio: wakawa wananunua vijana, wanawapa dakika nyingi, kisha wanauza. Ousmane Dembélé alinunuliwa kwa Euro milioni 15 mwaka 2016 na kuuzwa Barcelona mwaka uliofuata kwa milioni 105 za kuanzia. Jude Bellingham alitoka Birmingham City mwaka 2020 akiwa na miaka 17, na mwaka 2023 Real Madrid wakalipa zaidi ya milioni 100. Katikati ya mauzo hayo yote klabu imecheza fainali mbili za Ligi ya Mabingwa, 2013 na 2024, zote Wembley na zote ikapoteza. Ile ya pili aliyekuwa upande wa Real Madrid ni Bellingham mwenyewe.

Kwa kipimo cha ndugu Mkaguzi, jibu langu ni hili: pengo linazibwa na mchezaji bora wa msimu huo. Mashabiki humlilia wiki mbili.

Mpwa wa Likoni ameandika:

Wakuu, mnazunguka mbuyu. Njia ya uhakika ni tajiri. Manchester City walinunuliwa na Abu Dhabi mwaka 2008 na kulitwaa kombe 2023. Paris Saint-Germain walichukuliwa na Qatar mwaka 2011, na 2025 wakaifunga Inter 5-0 katika fainali. Msimu tajiri akikosa kufuzu, anazibia pengo mwenyewe. Swali limejibiwa.

Mkaguzi wa Tanga ameandika:

Ndugu yangu Mpwa, umetaja wawili waliofaulu, na hata hao ilimchukua mmoja miaka 15 na mwingine 14. PSG walishinda baada ya Neymar, Messi na Mbappé kuondoka, jambo ambalo mimi bado linanichekesha. Kwa upande wa City, UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, iliwafungia miaka miwili Februari 2020. Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikaondoa adhabu hiyo Julai mwaka huohuo na kubakiza faini ya Euro milioni 10. Tangu 2022, tena, kanuni mpya zimeweka ukomo: mishahara ya wachezaji na makocha, usajili na malipo ya mawakala, vyote kwa pamoja, visizidi asilimia 70 ya mapato, ukomo uliofikiwa kwa kushuka kutoka asilimia 90, kisha 80. Tajiri bado anaruhusiwa kujenga uwanja na shule ya vijana kadiri apendavyo, lakini mlango wa kumwaga fedha kwenye mishahara umebanwa.

Hoja yangu kubwa zaidi ni Málaga ya Hispania. Walinunuliwa na mwekezaji kutoka Qatar mwaka 2010, wakafuzu Ligi ya Mabingwa kwa mara ya kwanza mwaka 2012, na wakati huohuo fedha zikaanza kukauka. Santi Cazorla aliuzwa Arsenal kabla hata ya mechi ya kwanza. Desemba 2012 UEFA ikawafungia mashindano ya msimu uliokuwa ukija kwa madeni yasiyolipwa. Tarehe 9 Aprili 2013, huko Dortmund, walikuwa wakiongoza 2-1 hadi dakika ya 90 ya mechi ya marudiano ya robo fainali, kisha wakafungwa mawili katika dakika za nyongeza. Wachezaji wale walikuwa dakika chache kutoka nusu fainali huku wakijua kwamba msimu ujao hawatacheza Ulaya hata wakishinda. Mwaka 2018 walishuka daraja, na 2023 wakashuka tena hadi la tatu.

Na Chelsea je? Machi 2022 walikuwa mabingwa wa Ulaya waliokuwa bado wanashikilia kombe, mmiliki wao akawekewa vikwazo na serikali ya Uingereza, na klabu ikapangiwa kutotumia zaidi ya pauni 20,000 kwa safari moja ya ugenini. Tajiri anaziba pengo siku zote isipokuwa siku ambayo yeye mwenyewe ndiye pengo.

Chipukizi ameandika:

Shikamooni wakubwa. Naomba kueleweshwa: kama kuna ukomo wa asilimia 70, inakuwaje klabu inunue mchezaji kwa zaidi ya Euro milioni 100 katika dirisha moja na isivunje kanuni?

Bi Mizania ameandika:

Marahaba, mwanangu. Bei ya usajili hugawanywa kwa miaka ya mkataba. Mchezaji wa milioni 100 mwenye mkataba wa miaka mitano huandikwa milioni 20 kila mwaka. Chelsea walikwenda mbali zaidi: Januari 2023 walimsajili Enzo Fernández kwa mkataba wa miaka minane na nusu, ili kila mwaka ubebe kidogo. UEFA ikajibu mwaka huohuo kwa kuweka mwisho wa miaka mitano katika hesabu zake. Ndiyo maana pia klabu hupenda kumuuza kijana waliyemlea wenyewe. Hakununuliwa, kwa hiyo karibu bei yote huandikwa faida.

Mzee wa Mbagala ameandika:

Mimi si mhasibu, lakini nilikuwepo. Usiku wa tarehe 5 Novemba 2019 tulijazana katika kibanda umiza kimoja huku kwetu, benchi la watu wanne tumekaa saba, mechi imeanza saa tano usiku. Ilikuwa Liverpool na Genk, uwanja wa Anfield. Dakika ya 40 ikapigwa kona, Mbwana Samatta, Mtanzania mwenzetu aliyekuwa Genk, akaruka juu ya mabeki na kuutia kichwa. Mwenye banda aliacha kudai viingilio vya waliochelewa. Tulifungwa 2-1, na hakuna aliyeondoka amenuna.

Genk ndiyo njia ya Kiungo Mkabaji katika kipimo kidogo zaidi. Wamewapitisha Courtois, De Bruyne, Koulibaly na Ndidi. Lakini nataka wanajukwaa waone na upande wa pili. Walikuwa mabingwa wa Ubelgiji 2019. Kiangazi hichohicho Trossard akaenda Brighton, Malinovskyi akaenda Atalanta, na kocha akahamia Club Brugge. Walipofika Ligi ya Mabingwa, timu iliyofuzu haikuwa tena timu iliyocheza, na katika mechi sita walipata pointi moja. Januari Samatta naye akaenda Aston Villa. Klabu ikabaki salama kabisa kifedha. Sisi wa Mbagala tulifurahi kwa ajili ya kijana wetu, ila kama ningekuwa shabiki aliyekata tiketi ya msimu kule Genk, sijui kama ningeridhika kuambiwa mizania ni nzuri.

Kiungo Mkabaji ameandika:

Mzee, heshima yako. Kenya nao wana kisa chao. Novemba 2012 Victor Wanyama aliifungia Celtic ya Scotland bao la kichwa katika ushindi wa 2-1 dhidi ya Barcelona. Celtic walikuwa wamemnunua kwa pauni 900,000. Julai 2013 wakamuuza Southampton kwa milioni 12.5. Desemba ya mwaka huo walirudi kwa Barcelona bila yeye, wakafungwa 6-1 na kumaliza mkiani mwa kundi.

Nikirudi kwenye kipimo cha ndugu Mkaguzi: Celtic walikosa hatua ya makundi mwaka 2014, kisha tarehe 25 Agosti 2015 wakatolewa na Malmö na kukosa tena. Hawakuuza uwanja wala kukopa. Wiki moja baadaye, siku ya mwisho ya dirisha, walimuuza beki wao Virgil van Dijk kwenda Southampton kwa takriban pauni milioni 13.