Mgombea asiye wa kawaida anaweza kuingia Ikulu ya Marekani bila kupita mlango wa chama?

Kalamu Nyeusi

Kila miaka minne Marekani huibuka mtu wa nje ya siasa, mara tajiri, mara mwanamuziki, mara mtoto wa ukoo wenye jina, na mashabiki wake huapa kwamba safari hii vyama viwili vimekwisha. Mimi nasema akisimama kama mgombea huru hana njia. Si kwamba hapendwi. Hesabu ndiyo inayomkataa.

Chukueni Ross Perot, bilionea wa Texas ambaye hakuwahi kuchaguliwa kwa cheo chochote. Juni 1992 uchunguzi wa maoni wa Gallup ulimweka mbele kwa asilimia 39, Rais George H. W. Bush 31, Bill Clinton 25. Novemba alipata kura zaidi ya milioni 19.7, karibu asilimia 19 ya nchi nzima. Wajumbe wa uchaguzi aliopata, yaani wale wanaomchagua rais kwa niaba ya majimbo: sifuri.

Rais kule hapatikani kwa jumla ya kura. Kuna wajumbe 538, na mshindi anahitaji 270. Majimbo 48 pamoja na Washington, D.C. humpa aliyeongoza wajumbe wote, hata akiongoza kwa kura moja. Maine na Nebraska tu ndizo hugawa baadhi kwa wilaya za bunge. Perot alikuwa wa pili Maine na Utah, na wa pili hana chake.

Jicho la Tatu

Mkuu, Perot alijiharibia mwenyewe. Alijitoa Julai 16, akarudi Oktoba 1. Mwezi mmoja wa kampeni baada ya kuwakimbia watu wako, na bado unapata 19! Asingejitoa tungekuwa na mjadala mwingine. Halafu mnamsahau Donald Trump wa 2016: hakuwahi kushika cheo cha umma wala jeshini, na akashinda.

Hesabu Tu

Nianze na Perot. Maine ndiyo iliyokuwa jimbo lake bora, na alipata asilimia 30 huku Clinton akiwa karibu 39. Kwingine kote alikuwa chini ya hapo. Kura zake zilitandazwa nchi nzima kama siagi nyembamba, na mfumo huu hauwalipi wa namna hiyo.

Ukitaka ushahidi safi, angalia 1948. Strom Thurmond na Henry Wallace walikuwa wagombea wa pembeni wote wawili, na kila mmoja alipata takriban asilimia 2.4. Thurmond, ambaye kura zake zilikuwa zimerundikana Kusini kwa wabaguzi wa rangi, aliondoka na wajumbe 39. Wallace, mwenye kura karibu zilezile zilizotawanyika, hakupata hata mmoja. Mwaka 1968 George Wallace wa Alabama, tena kwa siasa za ubaguzi, alishinda majimbo matano ya Kusini na kupata wajumbe 46 kwa asilimia 13.5. Yaani mgombea huru anaweza kupata wajumbe, ila sharti awe mgombea wa eneo, na wa eneo hafiki 270.

Sasa Trump. Yeye si mfano wa kumpinga Kalamu, ni mfano wa kumuunga mkono. Hakujenga chama, alikiteka kilichokuwepo. Kura za mchujo za Republican 2016 zilikuwa na wagombea 17, na sheria za chama ziliruhusu baadhi ya majimbo kumpa aliyeongoza wajumbe wote wa mkutano mkuu, ule unaomteua mgombea wa chama. South Carolina alipata asilimia 32.5 ya kura na wajumbe wote 50. Theluthi mbili hawakumtaka, lakini walijigawa. Florida, wajumbe wote 99 kwa asilimia 46. Ilipofika Novemba jina lake lilikuwa tayari kwenye karatasi ya kila jimbo, chini ya chama ambacho mamilioni hukipigia kura bila kuuliza mgombea ni nani. Akachukua Michigan kwa tofauti ya kura 10,704.

Mdau wa Bara

Mnazungumzia Novemba kana kwamba kufika kwenye karatasi ya kura ni jambo dogo. Wengi hufia hapo. Marekani haina tume moja ya uchaguzi inayopokea fomu. Kila jimbo lina sheria yake, tarehe yake, na maofisa wake wa kukagua sahihi za wapiga kura wanaomdhamini mgombea.

Mwaka 2024 Louisiana ilikubali ada ya dola 500. Tennessee ilidai sahihi 275. Texas ilidai 113,151, na Texas ina masharti ya ukatili: huruhusiwi kuanza kukusanya kabla kura za mchujo hazijaisha (zilikuwa Machi 5), mwisho ni Mei 13, na aliyepiga kura ya mchujo wa chama chochote mwaka huo haruhusiwi kukusainia. Gawanya mwenyewe: siku 69, takriban sahihi 1,640 halali kila siku, Jumapili zikiwemo. Na usikusanye idadi kamili. Waliozoea kazi hii hulenga mara moja na nusu, kwa sababu sahihi nyingi huanguka: mtu hajajiandikisha, amehama na anwani haifanani na daftari, amesaini mara mbili, tarehe haijajazwa. Wapinzani nao huleta mawakili kuweka pingamizi karatasi kwa karatasi. Wakusanyaji hulipwa, kwa hiyo pesa huisha kabla ya tangazo la kwanza la televisheni.

Robert F. Kennedy Jr., mgombea huru wa mwaka huo, aliyaonja haya. Nevada ilisema fomu zake zina kasoro kwa kukosa jina la mgombea mwenza. Agosti 2024 hakimu wa New York aliamua anwani ya Katonah aliyoandika haikuwa makazi yake ya kweli, na maelfu ya sahihi yakawa karatasi tupu. Alipositisha kampeni Agosti 23 na kumuunga mkono Trump, alijaribu kuondoa jina lake Michigan na Wisconsin akashindwa. Kuingia taabu, kutoka taabu.

Na Kanye West 2020? Alitangaza Julai 4, tarehe za mwisho za baadhi ya majimbo zikiwa zimepita. Alionekana kwenye karatasi za majimbo 12 tu. Shabiki anayejaza uwanja si sahihi halali.

Jicho la Tatu

Sawa, fomu nimekubali. Lakini je, ni lazima yeye mwenyewe afike 270? Akichukua majimbo machache na kuwazuia wote wawili wasifike, si mchezo unafunguka?

Hesabu Tu

Unafunguka kwa wabunge. Sisi huku tumezoea duru ya pili: Kenya asipopatikana mwenye zaidi ya nusu ya kura, pamoja na robo ya kura katika kaunti 24, wananchi hurudi vituoni. Marekani hawarudi. Marekebisho ya 12 ya Katiba hupeleka wagombea watatu wa juu kwa idadi ya wajumbe kwenye Baraza la Wawakilishi, na kila jimbo lina kura moja. Wyoming ni sawa na California. Anahitajika mwenye majimbo 26. Mgombea huru hana mbunge hata mmoja wa chama chake, basi nani atampigia? Mwaka 1824 Andrew Jackson aliongoza kwa wajumbe 99 dhidi ya 84 wa John Quincy Adams, na Baraza likamchagua Adams.

Mdau wa Bara

Uwezo alionao ni wa kuharibu tu. Florida 2000, Ralph Nader wa chama kidogo cha Green alipata kura 97,488, na George W. Bush alishinda jimbo kwa 537 dhidi ya Al Gore wa Democratic. Ila muwe waangalifu na lawama hizi. Husemwa Perot ndiye aliyemwangusha Bush mkubwa, lakini wapiga kura wake walipohojiwa wakitoka vituoni waligawanyika sawasawa kuhusu chaguo lao la pili, asilimia 38 Bush na asilimia 38 Clinton.

Kalamu Nyeusi

Nisahihishe kauli yangu basi: asiye wa kawaida anaweza, kwa njia ya mchujo. Na hata hapo achague chama. Democratic hugawa wajumbe wa mkutano mkuu kwa uwiano kwa kila aliyefikisha asilimia 15, kwa hiyo ushindi wa theluthi haukupi vyote. Barack Obama 2008 alilijua hilo. Idaho, jimbo dogo lisilotazamwa, alishinda wajumbe 15 kwa 3. Mpinzani wake wa mchujo, Hillary Clinton, alishinda New Jersey 59 kwa 48. Faida ya Idaho ikawa 12, ya New Jersey 11.

Jicho la Tatu

Bado naona mlango mmoja. Maine na Alaska wanaopiga kura huorodhesha wagombea kwa kupendelea, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hapo hoja ya "usipoteze kura yako" inakufa.

Hesabu Tu

Maine wajumbe 4, Alaska 3. Nionyeshe 263 waliobaki.